Lori Linalochemka Likiwa Limesimama

Leo twataka kusema habari za lori kuukuu, na hasa habari za ugonjwa wake mmoja ambao umewapotezea watu wengi fedha zao bure. Ugonjwa wenyewe ni huu. Lori likiwa njiani laenda vizuri, na mshale wa geji ya joto wakaa pale upasapo kukaa. Lakini likisimama, na injini ikaachwa ingurume polepole bila kwenda, mngurumo ambao mafundi wetu huuita sailensa, mshale waanza kupanda. Baada ya robo saa maji yachemka katika rejeta, mvuke wafoka kwa mbele, na utingo aruka chini kutafuta debe.

Jambo hili laonekana kuwa kinyume cha akili. Chukueni mfano wa barabara ya kutoka Mombo hata Lushoto, katika milima ya Usambara, nchini Tanzania. Ni safari ya zaidi ya kilometa 30, yenye kona baada ya kona, nayo yapanda kutoka tambarare yenye joto hata mahali penye baridi, karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Lori la zamani, tuseme Bedford la petroli lenye silinda 6, lapanda njia ile na mzigo wake. Injini yalia, dereva abadili gia kila mara, wala maji hayachemki. Lafika juu salama. Kisha lasimama sokoni lipakiwe kabichi na karoti. Dereva haizimi injini, kwa kuwa betri yake ni dhaifu na hataki kuomba watu wamsukume. Hapo penye baridi, lori likiwa halifanyi kazi yo yote, ndipo linapochemka!

Watu waliosimama karibu hutoa hukumu zao. Mmoja asema lori limechoka kwa sababu ya mlima. Mwingine asema rejeta imekufa. Naye fundi, akiwa si mtu wa kufikiri sana, asema, "Leteni rejeta nyingine." Basi rejeta ya lori la namna hii si kitu cha kuokota dukani. Malori hayo yameacha kutengenezwa siku nyingi, na vipuri vyake hutafutwa kwa wauzaji wa vyuma chakavu, mji hata mji. Mwenye lori, au wanakijiji walionunua lori kwa shirika, waweza kumaliza mapato ya msimu mzima kwa kununua rejeta moja. Ikiisha kufungwa, lori lachemka vile vile. Tumeyaona hayo, na si mara moja.

Twawaomba wasomaji wetu wasubiri kidogo kabla ya kutoa fedha, kwa maana ugonjwa huu umekwisha kusema jina lake wenyewe. Jiulizeni: lori likienda na lori likisimama, kuna tofauti gani? Maji ni yale yale, rejeta ni ile ile, petroli ni ile ile. Kilichobadilika ni upepo.

Mtoto akipewa uji wa moto huupuliza. Hakuna aliyemfundisha sayansi, lakini ajua kwamba hewa iliyokaa juu ya uji imekwisha kupata joto, na kwamba akiiondoa hewa hiyo na kuleta nyingine, uji utapoa upesi. Kazi ya rejeta ni hiyo hiyo. Maji yaliyochukua joto la injini hushuka ndani ya mirija myembamba sana, na katikati ya mirija hiyo mna mabati mepesi yenye nafasi za kupitisha hewa. Rejeta si tangi la maji tu, kama wengi wadhanivyo. Ni mahali ambapo maji na upepo hukutana pasipo kuchanganyika. Upepo usipopita, hata rejeta mpya kutoka kiwandani ni ndoo ya maji ya moto.

Sasa lori lina pepo mbili. Wa kwanza ni ule wa safari: lori likikimbia, hewa yaingia yenyewe kwa mbele. Wa pili ni wa feni, yale mapanga yaliyo nyuma ya rejeta, yazungushwayo na injini kwa mkanda. Lori likisimama, upepo wa kwanza wakoma kabisa, na yote yabaki mikononi mwa feni. Tena feni yenyewe yazunguka polepole wakati huo. Injini ya namna hii isimamapo huzunguka kama mara 500 kwa dakika. Iendapo huzunguka mara 2,000 au zaidi. Feni ikipunguza mwendo hata ukawa robo, upepo wake nao wapungua hata kuwa kama robo. Hapa ndipo twapata jibu la kitendawili cha mlima. Lori lipandapo kwa gia ndogo halina upepo mwingi wa safari, lakini injini yazunguka kwa nguvu, na feni pia, na pampu ya maji pia. Likifika sokoni, vyote vyapungua mara moja, hali vyuma vya injini vingali na joto la mlima.

Mwanafunzi hodari atauliza: injini ikisimama bila kazi haichomi petroli kidogo tu? Kwa nini basi isipoe hata kwa upepo mdogo? Swali hilo ni zuri, nalo lina ukweli. Karibu theluthi ya joto la petroli iliwayo na injini huingia katika maji, na petroli ikiwa kidogo, joto nalo ni kidogo. Ndiyo sababu lori zima, lenye feni nzuri na rejeta safi, laweza kunguruma mahali pamoja mchana kutwa lisichemke. Walioliunda walilipa feni ya kutosha, ila hawakulipa ya kusaza sana. Kitu kidogo kikipunguza upepo ule, akiba hiyo yaisha. Njiani hutaona dalili, kwa kuwa upepo wa safari wafunika kosa la feni. Lakini kama lori lachemka likikimbia katika barabara tambarare, na likisimama lapoa, huo ni ugonjwa mwingine, na hapo ndipo mtu atazame kwanza maji na mirija ya rejeta. Kuitenganisha mipango hii miwili ni nusu ya kazi ya fundi.

Kabla ya kushika spana, hakikisheni kwamba injini kweli ina joto la kupita kiasi. Geji za zamani husema uongo mara nyingi. Kipimajoto kirefu cha darasani, kifikacho digrii 110 za Sentigredi, kikitiwa katika mdomo wa rejeta injini ikiwa baridi, na kuachwa humo wakati injini ipatapo joto, kitasema kweli. Ila hili lafaa tu kwa rejeta zisizokuwa na kifuniko cha kubana mvuke, ambazo zaweza kuachwa wazi tangu mwanzo. Tena yako malori yasemwayo kuwa yachemka na kumbe hayachemki. Maji yakipata joto hutanuka. Dereva aijazaye rejeta hata shingoni atayaona maji yakimwagika kwa bomba la pembeni, naye atajaza tena, na kila siku atalalamika kwamba lori lake lanywa maji. Katika rejeta ya zamani yafaa maji yafunike vichwa vya mirija na kupita kidogo tu, kisha juu yake ibaki nafasi ya inchi moja au mbili.

Basi tuje kwenye feni. Liko jaribio moja lisilogharimu senti, nalo ni hili. Chukueni karatasi ya daftari. Injini ikiwa imepata joto na yanguruma polepole, iwekeni karatasi juu ya uso wa rejeta, upande wa mbele ya lori, kisha mwiachilie. Feni nzuri itaivuta karatasi na kuishika pale pale. Ikianguka, upepo hautoshi. Sogezeni karatasi pembeni, juu na chini, mwone kama upepo wapita mahali pote au katikati tu. Jaribio hili lifanyike nje, si ndani ya gereji iliyofungwa, maana moshi wa ekzosi una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imeua watu wengi waliodhani wamesinzia tu. Na ye yote aliyevaa kanga, shuka au shati lenye mikono mirefu asiikaribie feni.

Karatasi ikianguka, anzeni na mkanda. Zimeni injini, bonyezeni mkanda kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake iliyo ndefu. Ubonyee kama nusu inchi hivi. Ukibonyea zaidi, umelegea, nao wateleza juu ya puli pasipo kuizungusha sawasawa. Mkanda ambao mbavu zake zang'aa kama kioo, au umelowa mafuta, huteleza hata ukikazwa. Msiukaze kupita kiasi, kwa sababu utaziua beringi za pampu na za dinamo. Mkanda ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote tutakavyovitaja leo, nao ndio usahauliwao kuliko vyote.

Kisha tazameni mapanga yenyewe. Lori lililopata kugongwa mbele aghalabu lina mapanga yaliyonyoshwa kwa nyundo, na panga lililolala halisukumi hewa. Twaongeza jambo ambalo hata mafundi wengine hawalijui: feni iliyofungwa kinyume, ya mbele ikawa nyuma, haibadili upande wa upepo. Bado yavuta hewa kutoka mbele, kwa hiyo mtu akiweka mkono hudhani yote ni sawa. Lakini mgongo wa panga umekaa mahali pa tumbo lake, na upepo wapungua sana. Panga la feni lina uvungu kama mkono uliokunjwa kidogo wa mtu achotaye maji. Ule uvungu ndio usukumao hewa, basi katika malori haya yapasa uelekee upande wa injini.

Malori mengine yalitoka kiwandani yana pete kubwa ya bati izungukayo feni, kama ukingo wa ungo. Mafundi wakitaka kuitoa rejeta huivua pete hiyo, na ikiwa yasumbua kurudi huitupa nyuma ya gereji. Ni kosa kubwa. Hewa, kama maji, hupita penye wepesi. Pasipo pete, feni hunyonya hewa ya moto iliyo pembeni mwa injini, huizungusha hapo hapo, na rejeta hupata masazo. Ikiwa lori lenu lina matundu ya skrubu pembeni mwa rejeta yasiyoshika kitu, huenda pete ilikuwapo. Fundi wa bati awezaye kutengeneza karai aweza kutengeneza nyingine. Mapanga yakae yakiwa yameingia ndani ya pete, na pawe na nafasi kiasi cha inchi moja pande zote ili yasiguse.

Halafu uso wa rejeta. Barabara zetu ni za vumbi, na nafasi zile nyembamba hujazwa na tope, mbegu za nyasi, mabawa ya panzi na kumbikumbi. Kwa mbele huonekana ni safi, kumbe uchafu umekaa ndani. Mwagieni maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele, yaani kinyume cha njia ya upepo, ili uchafu utoke kwa mlango ulioingilia. Injini iwe imepoa, na dinamo na waya zifunikwe. Maji yawe ya nguvu ya kadiri tu, yasilaze mabati. Tena ondoeni vitu vilivyotundikwa mbele. Tumeona gurudumu la akiba, madebe, na magunia. Tuliona hata dereva mmoja aliyefunga bao kubwa lenye maneno ya kumsifu mkewe. Maneno yalikuwa mazuri sana, lakini yalifunika theluthi ya rejeta.

Mkiisha hayo yote, na karatasi yashikwa vema, na lori bado lachemka likisimama, msiende mara moja kwenye rejeta. Tazameni kwanza moto wa plagi. Ndani ya distributa mna platini, ncha mbili ndogo zinazofunguka na kufunga ili cheche ipatikane kwa wakati wake. Platini husukumwa na kisigino kidogo ambacho huchakaa kwa kusuguliwa. Kisigino kikichakaa, nafasi ya platini hupungua, na cheche huchelewa. Cheche ikichelewa, petroli huwaka wakati pistoni imekwisha kuanza kushuka. Moto haufanyi kazi yake yote ya kusukuma, bali huendelea kuwaka hata ukitoka kwa njia ya ekzosi, ukivipasha moto vyuma vilivyo njiani. Joto lipotealo hivyo huingia katika maji. Kwa kuwa kuchakaa huko kwaenda polepole sana, mwezi kwa mwezi, dereva hatambui. Asema tu kwamba lori limezeeka. Nafasi ya platini ipimwe kwa fila geji kama kitabu cha lori kisemavyo, kisha taimingi irekebishwe. Pamoja na hayo, kabureta ipitishayo petroli kidogo mno kwa hewa nyingi, au ufa katika gasketi iliyo chini yake, huongeza joto pia. Na injini ikiwa yazunguka polepole kupita kiasi, ongezeni sailensa kidogo, feni nayo itapata mwendo.

Jambo hili la moto wa ekzosi latukumbusha injini moja yenye sifa na lawama pamoja, nayo ni ile ya Ford ya V8 yenye valvu za pembeni, iliyoanza kuuzwa mwaka 1932, na ambayo Ford wa Marekani waliitumia katika magari yao hata mwaka 1953. Katika vita vya miaka 1939 hata 1945 ilitiwa pia katika malori mengi ya jeshi yaliyoundwa Kanada. Ilikuwa injini yenye nguvu kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuifikia. Lakini moshi wake wa moto, kabla ya kutoka nje, hupita ndani ya bloku yenyewe, katikati ya silinda, mahali panapozungukwa na maji. Kwa hiyo maji yake hupashwa moto mara mbili: na silinda, na moshi. Hata mwaka 1936 pampu zake mbili zilikuwa juu, zikivuta maji ya moto kutoka katika silinda hedi. Tangu 1937 zilihamishwa chini mbele ya bloku, zisukume ndani maji yaliyokwisha kupoa. Hali ikawa nafuu. Lakini hata leo wenye kuzitunza injini hizo hukuta chini ya bloku mchanga uliotumiwa wakati wa kuisubu, pamoja na kutu, umekaa humo miaka na miaka ukizuia maji. Mtu mwenye injini ya namna hii, ikichelewa cheche yake hata kidogo, ataiona ikichemka kabla ya nyingine yo yote.

Sasa themostati, mlango mdogo uliopo mahali maji ya moto yatokapo katika injini. Injini ikiwa baridi mlango hufungwa. Ikipata joto hufunguka. Mafundi wengi huutoa na kuutupa, wakisema kwamba nchi yetu ina joto, hatuuhitaji. Sisi hatukubali. Injini ifanyayo kazi ikiwa baridi hula petroli nyingi, na oili yake huharibika upesi, nao walio Njombe au Limuru wajua kwamba asubuhi ya Juni si ya joto. Tena katika injini nyingine themostati ikifunguka hufunga njia ya pembeni ya maji. Ikitolewa, maji ya moto hurudi kwenye injini kwa njia hiyo bila kupitia rejeta, na lori huchemka zaidi. Ijaribuni badala ya kuitupa. Ifungeni kwa uzi, mwitundike katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, vyote viwili visiguse kitako, kisha pasheni maji moto taratibu. Namba iliyopigwa juu yake, kwa mfano 82, ni digrii za Sentigredi ambazo mlango waanza kufunguka; ikiwa ni 180, hiyo ni hesabu ya Farenhaiti, na ni joto lile lile. Maji yakikaribia kuchemka, mlango uwe wazi kabisa. Usipofunguka, themostati imekufa kweli, na mwizike bila huzuni. Walimu, jaribio hili lafaa sana kwa darasa. Tumeona wavulana wakilikodolea macho kuliko picha yo yote ya kitabuni.

Rejeta tumeiweka nyuma kwa makusudi, lakini yaweza kuwa na kosa. Maji ya visima vya pwani, yatokayo katika mawe ya matumbawe, yana chokaa, nayo huganda ndani ya mirija kama ile ngozi nyeupe iliyo ndani ya birika. Maji ya mvua ni bora. Ili kujua, pasheni injini joto, izimeni, kisha pitisheni kiganja polepole karibu na uso wa rejeta, upande wa mbele. Joto lapasa kupungua taratibu kutoka juu hata chini. Mkikuta mahali pa baridi katikati ya joto, mirija ya hapo imeziba. Kazi ya kuizibua ni ya fundi wa rejeta, naye huifungua kwa kuyeyusha risasi na kupitisha ukoa mwembamba. Hii ni bei ndogo sana kuliko kununua nyingine.

Kuhusu kifuniko yapasa tuseme zaidi, maana hapa hatari si ya lori tena. Maji ya pwani huchemka kwa digrii 100. Kadiri mtu apandavyo, uzito wa hewa hupungua, na maji huchemka mapema: Lushoto kwa digrii 95 hivi, Nairobi karibu 94. Kwa hiyo lori lile lile, lenye joto lile lile, laweza kutulia Tanga na kuchemka milimani. Kifuniko cha kubana mvuke kiliwekwa kwa ajili hiyo. Chenye nguvu ya ratili 7 kwa inchi ya mraba huyafanya maji ya pwani yasichemke hata yapite digrii 110. Lakini maji hayo yaliyopita kipimo yangojea kufunguliwa tu. Kifuniko kikitoka ghafula, yageuka mvuke papo hapo na kuruka juu. Twamjua utingo mmoja, kijana wa miaka 17, aliyefungua rejeta kwa sababu dereva alimpigia kelele afanye haraka. Aliungua uso, shingo na kifua, akalala hospitali majuma sita. Jicho lake moja haliyaoni maandishi tena. Hakuwa mzembe; alikuwa mtiifu.

Basi kila dereva amwambie utingo wake, na kila utingo ajue, kwamba rejeta iliyochemka haiguswi. Zimeni injini, fungueni boneti kwa uangalifu, mkae kando nusu saa au zaidi, hata mpira wa maji wa juu ushikike kwa mkono pasipo kuuma. Ndipo mfunike kifuniko kwa gunia lililokunjwa, mkizungushe mpaka kituo cha kwanza, mngoje mvuke uishe, kisha mkitoe. Msitie maji baridi katika injini yenye moto. Chuma cha kusubu hupasuka kama chungu kilichotoka motoni kikamwagiwa maji. Washeni injini ikiisha kupoa, mtie maji kidogo kidogo. Wala msiweke kifuniko cha nguvu zaidi ya kile cha asili, kwa maana viungo vya rejeta kuukuu vitaachia. Mtu akiungua, apozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka dakika 20, apelekwe kwa mganga. Asipakwe mafuta, unga wala dawa ya meno.

Ikiwa yote haya yamefanywa na maji bado yachemka, imebaki kuitazama gasketi ya silinda hedi. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, ondoeni kifuniko na mkanda wa feni, jazeni maji, kisha washeni injini kwa dakika moja tu, mtu mmoja akitazama mdomo wa rejeta kwa mbali kidogo. Mapovu yakipanda mfululizo hali maji ni baridi, moshi wa silinda waingia katika maji. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa ni shahidi wa pili. Hapo silinda hedi haina budi kufunguliwa, na kazi hiyo si ya kando ya njia.

Kwa aliye katika foleni ya Likoni akingoja kivuko, au kwenye mizani ya pamba, na mshale waanza kupanda: akanyage mafuta kidogo, injini izunguke kama mara 1,000 au 1,200 kwa dakika, ili feni na pampu vipate mwendo. Akiweza, auelekeze uso wa lori upande upepo utokako. Maji yakiwa hayajachemka, asizime ghafula mara tu baada ya kupanda mlima, kwa sababu maji yakisimama ndani ya vyuma vya moto, joto hupanda zaidi kwa dakika chache. Anguruze injini kwanza dakika mbili, kisha azime. Lakini maji yakiisha kuchemka, azime mara moja. Na lori lililokwisha kutengenezwa lijaribiwe kabla ya kupewa mzigo: lisimame juani saa sita mchana, lingurume nusu saa, na mtoto wa shule akae kando na daftari, mbali na feni, akiandika namba ya geji kila baada ya dakika tano.